Verni ya taa: Ulaya imekataza TPO, lakini hatari ya saluni zetu iko kwingine

Tangu tarehe 1 Septemba 2025, saluni za kucha katika inchi 27 za Umoja wa Ulaya haziruhusiwi tena kuuza wala kupaka verni ya jeli yenye dawa inayoitwa TPO. Hakukutolewa muda wa kumaliza stoki. Chupa iliyokuwa halali tarehe 31 Agosti jioni, asubuhi yake ikawa kitu cha kutupa.

Habari hiyo ilifika kwetu Butembo kwa njia ya WhatsApp, na kama kawaida ilifika ikiwa na chumvi mingi. Wengine wanasema verni ya taa inafanya wanawake wawe tasa. Wengine wanasema inaleta kansa ya mikono. Wengine tena wanasema ni uongo wa Wazungu wa kuharibu biashara za wengine. Kwa wadada wanaoketi siku nzima mbele ya ile taa ya zambarau, huku wakilipa kodi ya nyumba na masomo ya watoto kwa kazi hiyo, jambo hili si la kuchekea. Wanataka kujua: tuache kazi ao tuendelee?

Jibu fupi ni hili: sheria ya Ulaya ina sababu yake, lakini haikutungwa juu ya saluni zetu. Hatari kubwa ya hapa iko karibu zaidi, na mara nyingi fundi mwenyewe ndiye inayemupata kwanza, mbele ya mteja.

Taa haikaushi, taa inashikisha

Tuanze na namna ile verni inavyofanya kazi, maana bila kuelewa hapo, yote mengine yanabaki fununu.

Verni ya kawaida inakauka kwa hewa. Ndani yake kuna maji makali yenye kuruka, ile harufu tunayoisikia. Yakisharuka, rangi inabaki kwenye kucha. Verni ya jeli haifanyi hivyo. Hata ukiiacha masaa mengi, mbali na jua na taa, inabaki laini. Ni kama simenti: simenti haikauki kama nguo kwenye kamba, simenti inashika. Kitu kinabadilika ndani yake.

Jeli ni mchanganyiko wa vipande vidogovidogo vinavyoitwa akrilati. Vikiwa peke yao vinateleza kama asali. Vikishikana mikono, vinakuwa wavu mmoja mgumu, yaani polima, sawa na plastiki. Lakini havishikani bila kuchokozwa. Inaomba kiwashio, kama vile kuni zinavyoomba kiberiti. Kiwashio hicho ni dawa inayopasuka ikipigwa na miale ya taa. Ikipasuka, vipande vyake vinarukia akrilati, na zile akrilati zinaanza kushikana moja kwa nyingine. Kwa sekunde 30 ao 60 kazi imekwisha.

TPO ni moja ya viwashio hivyo. Ilipendwa sana juu inashika vizuri miale ya taa za LED za siku hizi, na haiachi rangi ya manjano kwenye verni nyeupe.

Ufundi huu haukuanzia kwenye kucha. Viwandani unatumika kushikisha wino wa makaratoni, rangi ya mbao za sakafu, na vioo vya plastiki vya taa za magari. Daktari wa meno anayeziba jino kwa taa ya bluu anafanya kazi ya namna ileile. Hata kijana wa kutengeneza simu anayebandika kioo kwa gundi na kukiweka chini ya taa ya zambarau, ni kazi moja. Viwanda vingine vinatumia nguvu kubwa zaidi: mashine ya kurusha elektroni. Elektroni zina nguvu mingi kiasi kwamba zinaamsha akrilati zenyewe, bila kiwashio. Lakini mashine hiyo ni ya bei kali, inaomba kuta za kukinga wafanyakazi, na haiwezi kuwekwa mbele ya vidole vya mutu. Ndiyo maana saluni inabaki na taa na kiwashio.

Kwa nini Ulaya imefunga mlango

Mambo hayakutokea kwa siku moja. Mnamo 2014, kamati ya wanasayansi inayoshauri Umoja wa Ulaya juu ya usalama wa bidhaa za urembo iliangalia TPO na kusema inaweza kutumika kwenye kucha, mradi isipite asilimia 5 na kazi ifanywe na fundi. Miaka ikapita. Majaribio kwa wanyama, waliolishwa kiasi kikubwa cha dawa hiyo, yalionyesha madhara kwenye uzazi. Juni 2023, shirika la Ulaya la kemikali liliiweka TPO kwenye orodha ya vitu vya kuogopwa sana. Kisha ikawekwa rasmi katika daraja linaloitwa 1B: vitu vinavyodhaniwa kuharibu uzazi wa binadamu.

Hapo ndipo sheria ilijifunga yenyewe. Kwa kanuni za Ulaya juu ya bidhaa za urembo, kitu kikiingia daraja la 1B kinakatazwa, isipokuwa kipewe ruhusa maalumu kwa masharti magumu, kwa mfano kuonyesha kwamba hakuna kingine cha kukibadilisha. TPO haikupata ruhusa hiyo. Mei 2025 kanuni namba 2025/877 ikatolewa, na Septemba ikaanza kufanya kazi.

Hapa inafaa tuwe waangalifu. Sheria hiyo inauliza swali moja tu: kitu hiki chenyewe ni cha hatari ao hapana? Haiulizi mutu anakipata kiasi gani. Nyoka akiwa ndani ya kizimba ni nyoka bado, na sheria inamuita nyoka. Panya aliyelishwa TPO siku nyingi hayuko sawa na mwanamke anayepakwa verni kwenye kucha mara moja kwa mwezi. Kucha ni ngumu, na jeli ikishashika vizuri, TPO mingi imepasuka tayari ao imefungwa ndani ya plastiki. Kwa hiyo kumwambia mama fulani kwamba amekosa mtoto juu ya verni, ni kusema kitu ambacho sheria ile haikukisema. Marekani, hadi Ulaya inaanza kukataza, TPO ilikuwa inaruhusiwa bado.

Lakini pia tusiseme Ulaya inacheza. Fundi hapaki mara moja kwa mwezi. Anapaka kila siku, wateja kwa wateja, miaka kwa miaka, na wengi wao ni wadada wenye umri wa kuzaa. Sheria nzuri inamuangalia yule anayeguswa mara mingi, siyo yule anayepita tu.

Si mara ya kwanza

Viwashio hivi vimeshaleta matata mbele. Novemba 2005, serkali ya Italia ilikamata lita karibu milioni 30 za maziwa ya watoto wachanga. Ndani yake kulipatikana alama za kiwashio kingine kinachoitwa ITX. Kilitoka wapi? Kwenye wino wa karatoni, ule uliochapishwa inje na kushikishwa kwa miale. Karatoni zilipokunjwa kwa mavolongo makubwa, upande wa inje uligusa upande wa ndani, na kiasi kidogo kikahama. Wachunguzi wa Ulaya walisema baadaye kwamba kwa kiasi kile hakukuwa na sababu ya kuogopa juu ya afya, lakini kitu kile hakikupaswa kuwa ndani ya maziwa.

Somo la pale linatusaidia leo. Tatizo lilikuwa kile kilichobaki bila kufungwa vizuri, kikatembea kufika mahali hakikutumwa. Taa yenyewe haikuwa na kosa. Na hilo ndilo tatizo la saluni zetu.

Jeli iliyoshika nusu

Munganga wa ngozi akiona fundi wa kucha mwenye vidole vyekundu, vinavyowasha na kupasukapasuka, kitu cha kwanza anachofikiri ni akrilati, mbele ya TPO. Akrilati zikishashikana ni plastiki tu, hazina neno. Lakini zikibaki huru, mbichi, zinapenya ngozi na kuleta aleji. Mwaka 2018 chama cha waganga wa ngozi wa Uingereza kilitoa onyo kali juu ya jambo hilo. Ulaya nayo, tangu 2021, iliamua kwamba jeli zenye aina moja ya akrilati inayoitwa HEMA zitumiwe na mafundi peke yao, siyo mutu yeyote nyumbani.

Aleji hii ina ubaya mmoja: ikiingia, haitoki. Mwili unaikumbuka maisha yote. Na akrilati haziko kwenye kucha tu. Ziko kwenye dawa ya kuziba meno na kwenye simenti ambayo wapasuaji wanaitumia kufunga kiungo cha chuma ndani ya mfupa. Kwa hiyo binti wa miaka 22 anayepata aleji leo juu ya kucha, anaweza kupata taabu kesho kwa daktari wa meno. Hiyo ndiyo bei ambayo haiandikwi kwenye chupa.

Sasa tuangalie namna jeli inavyobaki mbichi hapa kwetu. Njia ni nne, na kila fundi wa hapa anazifahamu hata kama hakuziita kwa jina.

Ya kwanza ni taa isiyopatana na jeli. Kila kiwashio kina miale yake. Taa nyingi za LED zinatoa miale ya kati ya nanometa 365 na 405. Jeli iliyotengenezwa kwa taa moja, ukiiweka chini ya taa ingine, inaweza kushika juu tu. Kwetu huku taa inanunuliwa kwa mfanyabiashara mmoja, jeli kwa mwingine, moja imetoka Dubai, ingine imepitia Kampala.

Ya pili ni umeme. Umeme unakatika, tunaenda kwa kikundi ao kwa betri ya solari. Betri ikichoka, taa bado inawaka, bado inahesabu sekunde 60, bado inalia mwisho wa saa. Lakini nguvu yake imeshuka. Jicho haliwezi kuona tofauti, maana miale inayofanya kazi kubwa haionekani. Ile zambarau tunayoiona ni mkia tu wa mwanga.

Ya tatu ni taa yenyewe kuzeeka. Vijicho vya LED vinakufa kimojakimoja. Kidole gumba, ambacho kimeketi upande, ndicho kinakosa mwanga wa kwanza. Taa ikishadondokewa na jeli na vumbi la kupiga tupa, mwanga unapungua zaidi.

Ya ine ni kupaka nene. Mteja anataka rangi ipatikane upesi, fundi anapaka mara moja badala ya mara mbili. Rangi nyeusi, nyekundu nzito ao nyeupe zinazuia miale isifike chini. Juu kunakuwa gumu, chini kunabaki uji. Mteja anaenda na furaha, siku tano baadaye verni inanyanyuka, na ule uji unagusa ngozi kila saa.

Kuna kitu kingine kinachochanganya watu. Jeli ikishatoka kwenye taa, mara nyingi juu yake kunabaki utelezi. Hiyo ni kawaida: oksijeni ya hewa inazuia akrilati za juu kabisa zisishikane. Ndiyo maana fundi anapanguza na alkoli. Lakini ule utelezi ni akrilati mbichi. Fundi anayepanguza wateja kumi kwa siku bila gantsi, na kitambaa kilekile, anajipaka aleji kwa mikono yake mwenyewe.

Na ile "inaniunguza, dada!" ya mteja chini ya taa? Akrilati zikishikana zinatoa joto. Zikishikana kwa mpigo, kwenye tabaka nene, joto linakuwa kali. Ni alama kwamba umepaka nyingi, ao kucha imepigwa tupa mpaka imekuwa nyembamba. Kumuambia mteja avumilie si ufundi.

Na miale yenyewe?

Swali hili linarudi kila mara: taa ile inaleta kansa?

Januari 2023, watafiti wa chuo kikuu cha California kule San Diego walitoa matokeo yao katika jarida la Nature Communications. Waliweka seli za panya na za binadamu chini ya taa ya kukaushia kucha. Baada ya dakika 20 mara moja, kati ya asilimia 20 na 30 ya seli zilikufa. Baada ya dakika 20 kwa mara tatu kufwatana, zilikufa asilimia 65 hadi 70. Seli zilizobaki zilikuwa na majeraha kwenye DNA.

Namba hizo zinaogopesha, lakini zisomwe vizuri. Zilikuwa seli ndani ya sahani, uchi, bila ile ngozi ya juu inayotukinga. Na dakika 20 mfululizo ni mingi kuliko kazi ya kawaida ya saluni. Watafiti wenyewe hawakusema kwamba taa imeonyeshwa kuleta kansa kwa watu. Walisema kuna sababu ya kuwa na wasiwasi na kuendelea kuchunguza. Waganga wa ngozi wa Marekani wanashauri kitu rahisi: mteja apake mafuta ya kukinga jua kwenye mikono, ao avae gantsi iliyokatwa ncha za vidole. Gantsi nzito ya kitambaa cheusi inatosha, na fundi wa nguo anaishona kwa dakika chache.

Nani afanye nini

Sheria ya Ulaya inaishia kwenye mipaka ya Ulaya. Chupa ambayo haiuziki tena kule haijaharibika, bado ina rangi, bado inashika chini ya taa. Kila mwenye stoki anatafuta mahali pa kuiuza, na mahali hapo panakuwa kule ambako hakuna anayeuliza. Sisi tunajua hadithi hiyo kwa magari, kwa friji, kwa nguo za balo. Kwa hiyo swali la kweli ni hili: sisi tunauliza?

OCC, ofisi yetu ya kuchunguza bidhaa, ndiyo yenye kazi ya kuangalia kinachoingia mipakani. Verni ya kucha ni kitu kidogo mbele ya mafuta ya magari na mchele, inaingia ndani ya maboksi ya vipodozi mchanganyiko. Hatuwezi kutarajia kila chupa ipelekwe laboratware. Lakini kuna kitu kimoja kinachowezekana bila mashine yoyote: kukataa chupa isiyo na orodha ya vitu vilivyo ndani. Chupa isiyosema kilicho ndani yake haifai kupakwa kwenye mwili wa mutu, iwe imetoka China, Uturuki ao Ulaya.

Wafanyabiashara wetu wa Butembo wanaosafiri hadi Guangzhou na Dubai wana nguvu kuliko wanavyofikiri. Viwanda vingi vimeshabadilisha jeli zao juu ya soko la Ulaya. Mwenye kununua kwa wingi anaweza kuomba ile isiyo na TPO. Kwenye chupa jina lake kamili linaandikwa Trimethylbenzoyl Diphenylphosphine Oxide. Liandike kwenye simu yako kabla ya safari. Jihadhari kidogo: kuna kiwashio kingine chenye jina la karibu, Ethyl Trimethylbenzoyl Phenylphosphinate, ambacho wanakiita TPO-L. Hicho si kile kilichokatazwa. Na ukileta jeli mpya, leta pia taa inayopatana nayo. Kubadilisha jeli na kubaki na taa ya zamani ni kukimbia TPO na kuangukia kwenye akrilati mbichi.

Kwa mafundi, mambo ni ya mikono. Paka nyembamba, mara mbili. Usiguse ngozi ya pembeni, na ikiguswa, panguza mbele ya kuweka taa. Vaa gantsi za nitrile, usitumie zile za lateksi nyembamba, na uzibadilishe mara kwa mara, maana akrilati zinapenya. Funga mdomo na pua wakati wa kupiga tupa, fungua dirisha. Umeme ukiwa dhaifu, ngoja. Kutoa verni ni kwa asetoni na uvumilivu, siyo kwa kukwangua. Na ukiona vidole ao kope za macho zinaanza kuwasha na kuvimba, simamisha, nenda kwa munganga, umwambie kazi unayofanya. Wengi wanapakwa dawa ya ukurutu miezi na miezi juu hawakusema.

Kwa mteja: uliza chupa uione. Usione haya. Fundi mzuri hakasiriki akiulizwa. Na usinunue kifurushi cha jeli na taa ndogo ya mfukoni ya kujipaka nyumbani na watoto. Taa hizo ndogo mara nyingi hazina nguvu ya kushikisha mpaka chini.

Kuacha ao kuendelea?

Turudi kwa swali la mwanzo. Hatuoni sababu ya kuwaambia wadada wafunge saluni zao. Kazi hii imelisha nyumba nyingi katika mji ambao vita pembeni yake vimefunga mashamba ya wengi. Lakini tunaona sababu ya kuwaambia wasifanye kama zamani. Ulaya ina wachunguzi, ina maabara, ina sheria inayojifunga yenyewe. Sisi kwa sasa tuna macho yetu, orodha iliyo nyuma ya chupa, na gantsi.

Kama mafundi wa kucha wa mji wangejiunga, wakakubaliana kutonunua chupa isiyo na orodha na kufundisha kila binti anayeanza kazi kuvaa gantsi tangu siku ya kwanza, wangekuwa wamefanya kile ambacho hakuna ofisi itawafanyia wiki hii. Mteja analipia rangi ya wiki tatu tu. Fundi atabaki na mikono yake miaka yote, hiyohiyo ya kupakia wengine, kupika na kubeba mtoto.